Mama Aliyekuwa Akiokota Kuni

Tunazungumza nanyi kutoka Lodwar, ambako jua limewaka leo kama ilivyo desturi yake, na upepo umeleta mchanga hadi ndani ya kikapu cha sadaka. Ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio madukani, nanyi mnaosafiri usiku huu katika barabara ya Kitale, karibuni tuketi pamoja.

Leo tunaanza kwa kuungama. Si desturi ya wahubiri kuanza hivyo, maana sisi hupenda kuungama kwa niaba ya wengine. Lakini jambo hili ni letu sisi wenyewe, nasi tumelichukua moyoni kwa muda mrefu.

Ilikuwa jioni moja katika mwaka 2025. Kamati ya kanisa ilikuwa imeketi, na neno lililokuwa mezani lilikuwa ua wa kiwanja chetu: tuweke seng'enge au tupande miiba. Mbuzi walikuwa wakiingia na kula maua. Tukiwa katikati ya neno hilo, mlinzi akaja akasema kwamba kuna watu langoni. Tukatoka. Walikuwa watu saba: baba, mama, bibi kizee mmoja na watoto wanne, wa mwisho akiwa mgongoni. Basi la kutoka Kitale lilikuwa limechelewa sana njiani, likawateremsha wakati giza linaingia. Walikuwa Wakongo, watu wa upande wa Kivu, ambako mji wa Goma ulianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Januari mwaka huo, na mji wa Bukavu mwezi uliofuata. Walikuwa wamepita Uganda, nao walikuwa wakienda Kakuma.

Sasa angalieni jambo hili. Watu hao walisema nasi kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwao kina namna yake, lakini hakuna neno lililotupita. Yule mama alisema, "Papa pasta, batoto biko na njala." Nani asiyeelewa maneno hayo? Tulielewa kila neno.

Nasi tukajibu vizuri sana. Tukawaambia kwamba Kakuma si mbali, ni kama kilomita 120 tu, na kwamba huko iko ofisi inayoshughulika na watu kama wao. Tukawaombea. Sala ile ilikuwa ndefu. Mzee mmoja akatoa shilingi mia mbili mfukoni mwake, Mungu amkumbuke, maana sisi wengine hatukutoa hata hizo. Kisha tukarudi ndani kumaliza habari ya ua, na mlinzi akafunga lango kwa sababu ya mbuzi.

Asubuhi tulipofika tuliwakuta nje ya lango, upande wa barabara, wamelizunguka jiko la mawe matatu. Watoto walikuwa wakinywa uji katika kikombe kimoja, kwa zamu. Pembeni alikuwa ameketi mama mmoja wa Kiturkana, ambaye sote tunamjua kwa sura, maana kila siku hupita hapo na mzigo wa kuni kichwani, akienda kuwauzia wenye hoteli za mjini. Mzigo ule haukuwepo. Ulikuwa umekwisha kuwa majivu. Alikuwa ameuteketeza wote usiku ule, ili watu wale wapike na wapate mwanga, na mbwa wa mjini wakae mbali na watoto. Unga nao ulikuwa wake.

Mama huyo hajui Kiswahili zaidi ya bei ya kuni. Hakuelewa hata neno moja la watu wale. Tukamwomba mwinjilisti wetu amwulize kwa Kiturkana kwa nini amechoma mali yake ya kuuza, maana tulijua kwamba mzigo huo ndio unga wa watoto wake wa kesho. Akatutazama kama mtu atazamavyo mtoto anayeuliza jambo la kitoto. Akasema, "Mlitaka wapike kwa nini?"

Wapenzi wasikilizaji, tangu siku ile tumekuwa tukisoma upya habari za Eliya na mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa kumi na saba. Habari hii tulifundishwa katika chuo cha theolojia, tukaandika maelezo mengi juu yake, na katika mtihani tulipata alama nzuri. Lakini hatukuwa tumeiona.

Mnaijua. Kulikuwa na ukame. Mfalme Ahabu alikuwa akimtafuta Eliya, naye Eliya akakimbia. Kwanza alijificha penye kijito, akanywa maji yake mpaka kijito kikakauka. Watu wa Lodwar na wa Kakuma hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza maana ya kijito kukauka. Tumeiona Tarach ikiwa mchanga mtupu, na akina mama wakichimba ndani ya laga hiyo hiyo mpaka mchimbaji asionekane, wakiteka maji kwa kikombe. Basi kijito kilipokauka, Mungu akamwambia Eliya avuke mpaka. Avuke mpaka! Aende Sarepta, katika nchi ya Sidoni, nchi ya watu wengine walioabudu miungu mingine, kwao yule malkia Yezebeli aliyetaka kumwua. Mtumishi wa Mungu akawa mtu asiye na kwao, anayefika langoni mwa mji akiwa na kiu.

Na Mungu alimwandalia nani? Hakumwandalia tajiri wa Sidoni mwenye ghala. Alimwandalia mjane. Na mjane huyo alipoonekana alikuwa akifanya kazi gani? Alikuwa akiokota kuni. Tulipolisoma neno hilo kanisani Jumapili iliyofuata, mzee mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa sauti, "Basi huyo ni Mturkana!" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka sana.

Eliya alimwomba maji kwanza. Na mama huyo, bila kuuliza jina wala kabila wala dini, aligeuka akaenda kuyaleta. Ni hapo alipokuwa akienda ndipo Eliya akamwita tena na kumwomba kipande cha mkate. Sasa ndipo mama akasimama na kusema ukweli. Alimwambia, tena kwa kiapo, kwamba hana mkate. Ana konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na kuni hizo ni za kupika chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale, kisha wafe.

Tunaomba tukae kidogo hapo, kwa sababu wahubiri wengi hukimbilia muujiza. Mama huyu alinung'unika. Alimwambia mgeni usoni pake: unaniomba mimi? Hujui nyumbani kwangu kuna nini? Wala Eliya hakumkemea. Hakumwambia kwamba hana imani au kwamba ana moyo mgumu. Alimwambia asiogope. Yaani alijua kwamba lile lililosikika kama ubishi lilikuwa hofu.

Tunayasema haya kwa sababu yako manung'uniko katika nchi yetu hii ya Turkana, nasi hatutaki kuyafunika kwa kitambaa cha madhabahu. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992. Walioifungua walikuwa vijana wa Sudani, wengi wao watoto wa kiume waliotembea bila baba wala mama. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia, na mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka wakakimbia tena, wakarudi Sudani, na kutoka huko wakaingia Kenya kwa njia ya Lokichoggio. Kakuma wakati huo kilikuwa kituo kidogo cha barabarani. Leo, tukihesabu kambi pamoja na makazi ya Kalobeyei, wako watu wapatao laki tatu.

Mzee mmoja wa Kakuma alituambia hivi: "Pasta, walipokuja tuliwapa ardhi. Walipoongezeka tukawapa nyingine, pale Kalobeyei. Miti imekwisha. Mgeni ana kadi ya chakula, mimi nina fimbo na kigoda. Mvua isiponyesha, nani ananiandikia kadi?" Mzee huyo si mtu mbaya. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, na mifugo yake ilikufa mbele ya macho yake. Ardhi ya Kalobeyei, hekta zipatazo 1,500, ilitolewa kweli na wenyeji, na makazi yakafunguliwa mwaka 2016 kwa tumaini kwamba shule, maji na hospitali vitawahudumia wote wawili, mgeni na mwenyeji. Mahali pengine imekuwa hivyo. Mahali pengine mzee angali anangoja. Mtu akija kumhubiria mzee huyo juu ya ukarimu, na aanze kwa kuvua viatu.

Tena, tusidhani kwamba Waturkana hawajui upande ule mwingine. Wazee wetu wanaukumbuka ukame wa mwaka 1980 na 1981, pamoja na magonjwa ya mifugo na uvamizi wa bunduki, wakati maelfu kwa maelfu ya wafugaji waliishiwa kabisa, wakakaa katika kambi za njaa, wakapanga foleni na bakuli mkononi. Mama wa kuni aliyelala na wageni wetu ni mtu wa umri huo. Hatukumwuliza alikuwa wapi wakati ule.

Nasi wengine tulioletwa huku na kazi, walimu, wafanyabiashara, wauguzi, wachungaji, sisi ni nani? Watu wa hapa wana msemo wao: mtu akisafiri kwenda Kitale, husema amekwenda Kenya. Maana yake tulio hapa tumetoka Kenya! Tulipofika, kuna mtu alituonyesha mahali pa maji. Tumesahau tu.

Katika Kiturkana liko neno emoit. Hutumika kwa adui, na hutumika pia kwa mtu wa kabila lingine. Neno moja. Wengine wakilisikia hutikisa kichwa na kusema, tazama watu hawa. Lakini sisi tunaojivunia Kiswahili, ambacho humwita mtu huyo mgeni, na humwambia mgeni njoo mwenyeji apone, ndio tuliofunga lango. Mama ambaye katika lugha yake mgeni na adui huitwa jina moja, ndiye aliyechoma kuni zake.

Baada ya jambo lile tuliona vema kwenda Kakuma. Hatukwenda kufundisha. Tulikwenda kuwauliza wenzetu, maana Waanglikana waliotoka Sudani walijenga makanisa ya udongo humo kambini tangu miaka ya mwanzo, wakaimba kwa Kidinka na lugha nyingine za kwao, nao wamepokea watu wengi kuliko sisi. Mwishoni mwa mwaka 2013 vita vilipoanza Sudani Kusini, mwaka uliofuata makumi ya maelfu ya watu wapya waliingia Kakuma. Nani aliwapokea? Ofisi ziliwapokea, na mashirika, na makanisa. Wenzetu Walutheri wako pale tangu mwaka ule wa 1992. Tunashukuru kwa hayo yote. Lakini mtu akishaandikishwa na kupewa kiwanja na turubai, gari la shirika hurudi kituoni kabla ya usiku. Anayebaki ni jirani.

Tuliketi na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Alikuja Kenya akiwa msichana, sasa ni nyanya wa wajukuu watano. Tukamwambia, "Mama, tufundishe." Akacheka, akasema hajapata kumfundisha mchungaji. Kisha akatueleza wanayofanya, nasi tunayarudia kwenu jinsi alivyoyasema.

Familia mpya ikifika katika bloku yao, hawangojei mkutano. Mmoja huleta maji, kwa sababu mgeni hana mtungi, na hata akiwa na mtungi hajui bomba hufunguliwa saa ngapi. Mwingine huleta kaa la moto, si kiberiti, bali moto wenyewe, ukiwa umewaka, juu ya kipande cha bati. Mwingine huwaonyesha akina mama na watoto njia ya choo kungali mchana. Kisha mmoja wao, yule asiye na mtoto mchanga nyumbani, huketi na mama mgeni mpaka watoto wake walale.

Tukamwuliza, "Mnaketi mkizungumza nini, na hamjui lugha yake?"

"Hatuzungumzi, Pasta. Tunaketi tu. Njaa ya siku moja ameizoea njiani. Anachoogopa ni usiku. Hajui sauti hizi, kama ni mtu au ni upepo. Mimi nikisikia sauti na nisishtuke, na yeye anajua ni upepo."

Tukamwuliza juu ya chakula. Akanyamaza kidogo. Katika mwaka 2025 fedha za misaada zilipopungua, posho ya kambini ilikatwa hata ikashuka chini ya theluthi moja ya kipimo kamili, na baadaye watu wakagawanywa mafungu kwa kadiri ya uhitaji wao, hata wako ambao hawakuandikiwa kitu. Akasema, "Zamani kila nyumba ilitoa kikombe kimoja cha unga kwa mgeni. Sasa ni nusu. Nyumba nyingine hazina hata nusu, wala hatuziulizi. Wao huja kuketi."

Hilo la mwisho tulitaka kulipita haraka, lakini halikutuacha. Nyumba isiyo na unga haikuondolewa katika zamu. Nasi huku Lodwar tulikuwa na kabati lenye vikombe vya chai arobaini, na sufuria ya harusi, na nyumba nne za washiriki zenye chumba cha akiba.

Basi tuwaambieni tulichofanya, wala msidhani ni kitu kikubwa. Liko sanduku la bati katika chumba cha nyuma cha kanisa. Ndani yake mna unga, sukari, chumvi, sufuria, vikombe, sabuni, leso mbili na tochi. Nje ya mlango kuna mzigo wa kuni, nazo tunazinunua kwa mama yule yule, kwa bei yake, bila kuvutana. Wako washiriki kumi na wawili waliojitolea kwa zamu, wawili kwa kila juma. Basi likichelewa, mwenye zamu hupigiwa simu na vijana wa bodaboda, ambao huwaona wageni kabla ya mtu mwingine yeyote. Kijana mmoja kati yao ni Mwislamu, naye amewaleta wengi kuliko mzee yeyote wa kanisa.

Tumekosea pia. Familia ya kwanza iliyokuja baada ya hapo, tuliiandika majina yote katika daftari, na mahali walikotoka, na dhehebu, kabla hatujawapa maji. Mama wa kuni alikuwapo. Hakusema neno, aliondoka, akarudi na mtungi. Tangu siku hiyo daftari hufunguliwa asubuhi. Mara nyingine mwenye ufunguo wa chumba alisafiri kwenda Kitale nao mfukoni, na sanduku letu zuri likakaa ndani limefungwa huku watoto wakilala na njaa barazani. Sasa chumba hakina kufuli. Tulionywa kwamba unga utaibiwa. Umeibiwa mara moja. Panya wametuletea hasara zaidi.

Liko jambo lingine ambalo ni lazima tulitaje, kwa sababu wako watu wema wanaoweza kuleta madhara wasipojua. Kumpokea mtu usiku si kumficha. Asubuhi tunawasindikiza wageni kituoni, wapande gari la Kakuma, wakaandikishwe na ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi, maana bila karatasi ile hawana shule wala matibabu wala posho hata hiyo iliyopungua. Na akifika mtoto peke yake, bila mzazi, hatumpeleki nyumbani kwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mzee wa kanisa. Tunakaa naye watu wawili, na alfajiri tunawaita maofisa wa watoto. Wala kazi hii isiwe kisingizio kwa wenye ofisi. Chakula kilichokatwa katika mikutano ya mbali hakiwezi kurudishwa na kikombe cha nusu cha mwanamke wa Kakuma, wala si haki aambiwe akirudishe. Tunasema hivi kwa sababu tumewahi kusikia sifa nyingi zikimwagwa juu ya ukarimu wa maskini, na waliozimwaga walikuwa wameshiba.

Mtatuuliza, na yule mjane wa Sarepta, unga wake haukwisha? Ndiyo, haukwisha, mpaka siku ya mvua. Tunaamini hivyo. Lakini Biblia haisemi kwamba nyumba yake ilipata ghala. Unga ulikuwa ule ule kidogo, kila siku kidogo, wa kutosha siku hiyo kwa watu watatu. Kila asubuhi ilimbidi atazame ndani ya chombo. Na kuni, tunadhani, aliendelea kuokota.

Yule mama wetu naye anaendelea. Wale Wakongo walifika Kakuma. Walituletea habari kwa simu ya mtu, wakasema bibi kizee yu mgonjwa lakini anatembea, na watoto wawili wameanza shule. Wakatuomba tumpelekee salamu mama wa kuni, maana hawakujua jina lake, wala yeye hakujua la kwao. Tulimpelekea. Mwinjilisti alipomtafsiria, aliuliza jambo moja tu, kama mtoto yule mdogo, wa mgongoni, ameacha kukohoa. Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tumejua kwamba alikuwa akikohoa.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, tunakuombea mtoto yule anayekohoa, ambaye wewe unamjua jina. Tunawaombea walio njiani usiku huu kati ya Nadapal na Lokichoggio, na walio katika basi la Kitale. Mkumbuke mzee wa Kakuma aliyepoteza mifugo yake, mpe mvua. Wape wenye kugawa chakula macho ya kuona na vipimo vya haki. Na gari likisimama langoni petu usiku huu, utuamshe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.